Uzinduzi wa Njia Isiyo na Magari

Nchi hii ipo, ila msiniulize iko wapi, kwa sababu mwenye ramani yake yuko safarini. Ni nchi njema. Ina bendera, ina wimbo, na ina mawaziri wengi kuliko mito. Ninayoyasimulia niliyaona kwa macho yangu, na pale ambapo sikuona niliambiwa na Serikali, ambayo haijawahi kunidanganya mara mbili kwa namna ileile.

Mambo yalianza pale Waziri wa Mapumziko na Mandhari, Mheshimiwa Gervas Lutandula, aliporudi kutoka ng'ambo. Alikuwa amekwenda na ujumbe mzito kuchunguza jambo la ajabu. Katika nchi moja ya baridi, watu wenye magari huyaacha nyumbani kwa hiari yao, wakapanda baiskeli, wakafuata mfereji kupitia msituni siku nzima. Ni wazee, mabibi kwa mababu. Wanaendesha taratibu chini ya miti, wanasimama kunywa kahawa, wanatazama bata, wanaendelea. Hakuna honi, hakuna vumbi, na hakuna anayewafukuza.

"Niliwauliza wanakwenda wapi," Waziri aliwaambia waandishi wa habari pale uwanja wa ndege, sauti ikimtetemeka. "Wakanijibu: tunatembea tu. Ndugu zangu, hayo ndiyo maendeleo! Mtu kufika mahali ambapo hana haja ya kufika mahali!"

Waandishi walipiga makofi, kwani bahasha zilikuwa bado hazijagawiwa.

"Sasa sisi tunashindwa nini?" aliendelea. "Mfereji tunao. Msitu tunao. Bata tunao. Kilichopungua ni njia isiyo na magari."

Basi ikatafutwa sehemu ya nchi isiyo na magari, ili yaondolewe.

*

Lililopatikana ni bonde la Mlembwe. Huko upo mfereji uliochimbwa na mababu kwa ajili ya mpunga. Unaanzia kijiji cha Kishosha, unapenya msitu wa Nindwa, unatokea chini ya kilima cha kijiji cha Mwandu. Juu ya tuta la mfereji kuna njia nyembamba ya baiskeli. Gari halikuwahi kupita humo, isipokuwa gari moja la wagonjwa lililojaribu wakati wa kampeni. Lipo mpaka leo. Kuku wanataga humo.

Ili njia iwe rasmi, ilipasa isawazishwe. Ili isawazishwe, lilihitajika greda na malori. Ili greda na malori yapite, ilibidi njia ipanuliwe. Hivyo bonde la Mlembwe likaona magari kwa mara ya kwanza, tena mengi, na wananchi wakashukuru kwamba sasa nao wana kitu cha kuondolewa. Greda lilipofika msituni lilichoka, likarudi mjini. Kishosha kikawekwa kizuizi cha chuma na bango: NJIA YA STAREHE. MAGARI MARUFUKU.

Tatizo likabaki moja: njia ilikuwa na watu. Baiskeli za Mlembwe hubeba maziwa, mkaa, mabati, wagonjwa, mbuzi aliyefungwa kwa heshima, jeneza, na baiskeli nyingine. Akaja Kamishna wa Utulivu, Bibi Perpetua Kaswaka, mama mwenye miwani mbili, moja usoni na nyingine kichwani. Akatazama kwa zote mbili, kisha akatoa tamko. Baiskeli ya starehe ni ruhusa. Baiskeli ya kazi ni marufuku, kwa kuwa jasho la mwananchi linaharibu mandhari.

Lakini utazitofautishaje? Kamishna alikuwa msomi. Aliagiza kila anayefika kizuizini aulizwe swali moja tu: "Unakwenda wapi?" Atakayetaja mahali, arudishwe. Mtalii wa kweli haendi mahali.

Watu wa Mlembwe ni wepesi wa kujifunza. Mwanzoni walirudishwa wengi. Muda si muda, mgambo wa kizuizini, Machibya, mtu mzima mwenye kitambi ambaye zamani naye alikuwa mbeba mkaa, alijikuta mbele ya mzee aliyefunga kitanda kizima kwenye keria.

"Unakwenda wapi?"

"Siendi popote."

"Na kitanda?"

"Nikichoka kutokwenda, nitalala."

Machibya akamfungulia. Sheria ni sheria.

Kamishna alipopata habari akaongeza sharti la kofia ngumu, kama watalii wa ng'ambo. Kesho yake walipita wamevaa masufuria na vibuyu vya kukata nusu. Akaongeza sharti la tabasamu. Hapo ndipo wabeba mkaa walipoanza kupita alfajiri meno nje, nyuso nyeusi tii, na bata wengine wakahama.

*

Sasa nimtaje Nyamizi, kwa kuwa bila yeye hii ingekuwa taarifa ya Wizara.

Nyamizi wa Kishosha alikuwa amechumbiwa na Ndaki, fundi baiskeli wa Mwandu. Na Mlembwe wana mila yao. Bibi harusi hatembei. Hukalishwa kwenye keria ya baiskeli ya shangazi yake, na tangu anapotoka uani kwa baba yake mpaka anapoingia uani kwa mumewe, mguu wake haugusi ardhi. Ukigusa, safari imekufa. Anarudi nyumbani, na posa, na mahari, na maneno ya wazee, yote yanaanza upya. Ukigusa mara ya pili, hakuna tena upya. Wazee husema miguu imekataa, na ndoa hiyo haitajwi tena.

Nyamizi alikwishagusa mara moja. Msimu uliopita mnyororo ulikatika, baiskeli ikayumba, naye kwa kuogopa akatupa mguu. Kidole kimoja tu. Shangazi yake aliapa kwamba kidole kiliangukia jani. Wazee walikaa kikao wakaamua kwamba jani ni ardhi. Tangu siku hiyo Ndaki aliifanyia baiskeli ya shangazi matengenezo ambayo hata ndege haifanyiwi.

Shangazi huyo ndiye Holo, mchukuzi wa maziwa, mwanamke mwenye mapaja kama michi ya kinu. Alikuwa ameshapanga harusi iwe Jumamosi. Wizara nayo ikapanga uzinduzi Jumamosi hiyohiyo, maana Jumapili Waziri alikuwa anasafiri tena kwenda kujifunza jambo jingine. Gari la matangazo likapita juu ya njia isiyo na magari:

"Wananchi wote mnatangaziwa! Jumamosi msionekane njiani, ili wageni wajionee ukarimu wa wananchi bila kusumbuliwa na wananchi!"

"Shangazi, tuahirishe?" Nyamizi aliuliza.

"Tuahirishe mara ngapi? Ng'ombe wa mahari wameshazaa, wewe bado hujatoka. Kushoto majaruba ya mpunga yamejaa maji, kulia majaruba yamejaa maji. Unataka nikupeleke kwa mumeo kwa kuogelea?"

"Na wakitukamata?"

"Wakukamate wasikukamate, wewe kazi yako moja. Kunja miguu."

*

Jumamosi ikafika, na Waziri akafika nayo.

Waziri wa nchi hii hasafiri bila magari, hata anapokwenda kuyapiga marufuku. Lilitangulia la king'ora, likafuata la walinzi, la viti, la mazulia, la kubeba baiskeli ya Waziri, la kubeba utepe, na mwisho gari la wakaguzi waliokuja kuhakikisha kwamba hakuna magari. Kizuizi kikafunguliwa, yote yakapanga foleni juu ya tuta. Ilikuwa foleni ya kwanza katika historia ya bonde. Walimu waliwaleta wanafunzi kuitazama.

Watalii ndio hawakufika. Walikuwa wameagizwa kutoka ng'ambo, wazee halisi wenye kofia ngumu halisi, lakini walikwama mji mkuu, kwa sababu barabara zote zilifungwa ili msafara wa Waziri upite. Na televisheni ya taifa ilikuwa imeshaingia hewani. Mtangazaji alikuwa amesifu bata mpaka maneno yakamwishia, akaanza kuwasifu mmoja mmoja.

Ndipo harusi ikatokea. Baiskeli kama thelathini, wanaume kwa wanawake, masufuria yameng'arishwa vichwani, vigelegele hewani. Mbele Holo. Nyuma ya Holo, kwenye keria, Nyamizi kafunikwa khanga, miguu kaikunja kama kuku wa zawadi.

Machibya akanyoosha mkono. "Simama! Shangazi, leo hapapitiki."

"Hujambo, Machibya mwanangu. Uliza swali lako."

"Leo hakuna swali."

"Wewe uliza tu. Tumelifanyia mazoezi."

Machibya akatazama huku na huku. "Haya, mnakwenda wapi?"

"Hatuendi popote!" waliitika wote.

"Na huyo aliyefunikwa?"

"Huyo ndiye haendi popote kutuzidi sisi."

"Shangazi, mtanifukuzisha kazi. Mwambie ashuke mrudi."

"Nani ashuke? Hebu rudia, upepo umechukua. Ulipooa wewe, mkeo alishuka?"

Machibya akashusha mkono. Mkewe hakushuka.

Kamishna akaja mbio, viatu vyake virefu vikizama kwenye tope. Alitaka kufoka, kisha akaona kilichokuwa mbele yake: baiskeli, kofia, meno nje.

"Hawa ni nani?"

"Ni harusi, Kamishna," Machibya alisema.

"Sikukuuliza ni nani kwenu. Nimeuliza ni nani kwenye televisheni." Akashusha miwani ya kichwani, akaweka juu ya ile ya usoni. "Hawa ni watalii wa ndani. Mtapita nyuma ya Mheshimiwa, taratibu, mkitazama miti."

"Miti tunaijua," Holo alisema.

"Itazameni kama hamuijui."

"Sawa, mama. Ila sharti letu ni moja. Huyu asiambiwe ashuke."

"Ashuke kwenda wapi? Si mmesema haendi popote?" Wakaelewana. Machibya akatolewa kizuizini akakabidhiwa mwavuli wa Waziri, kwa kuwa mshika mwavuli alikuwa amebaki mjini na watalii.

*

Waziri alihutubia.

"Ndugu wananchi, mlioko hapa na mliokatazwa kuwa hapa! Baiskeli ina magurudumu mawili. La mbele ni Serikali, la nyuma ni ninyi. Mmewahi kuona gurudumu la nyuma likitaka kwenda mbele?"

"Hapana!" walijibu wakurugenzi.

"Mnyororo uko nyuma," alinong'ona mbeba mkaa mmoja, mwenzake akamkanyaga mguu.

"Leo tunaanza safari ya kutokwenda popote," Waziri alimalizia, mkono juu, "na nawahakikishia kwamba chini ya uongozi huu, tutafika!"

Utepe ukakatwa. Waziri akapandishwa baiskeli. Hakuwa anajua kuendesha, lakini hilo halikuwahi kumzuia kiongozi yeyote katika nchi hii. Maofisa wawili wa itifaki walimshika, mmoja kushoto, mmoja kulia, wakawa wanamtembeza kama sanamu ya mtakatifu. Magari yakatangulia, Waziri akafuata, Machibya na mwavuli, halafu watalii wa ndani.

Na nisiwe mchoyo: palikuwa pazuri. Msituni jua lilishuka kwa vipande vipande. Maji ya mfereji yalikwenda bila kelele, mdiria akajitupa akaibuka na samaki. Hata Holo, aliyepita hapo kila siku ya Mungu na madumu ya maziwa, alitazama juu akasema, "Kumbe!" Kwa muda mfupi wote walisahau kwamba wameamriwa kufurahi, wakafurahi.

Kisha wakafika mahali greda lilipochokea. Njia ikawa nyembamba ghafla, gari la king'ora likachomeka gurudumu mferejini, lililofuata likasimama, na lililofuata. Msafara wote ukaganda. Baiskeli isiyokwenda huanguka, ikawabidi maofisa wamshushe Waziri upesi.

"Mheshimiwa ameshuka!" akapaza sauti mkuu wa itifaki. "Wote shukeni!"

Msomaji wa nchi nyingine anaweza kushangaa. Kwetu, kiongozi akisimama, wote husimama; akikaa, wote hukaa. Mwaka juzi Waziri mmoja aliteleza ngazini, na wakurugenzi wake sita wakajiangusha kwa heshima. Wawili walivunjika nyonga wakapandishwa vyeo.

Basi watalii wote wa ndani wakashuka, isipokuwa mmoja.

"Yule ni nani," Waziri aliuliza, "amekaa na mimi nimesimama?"

"Mtalii, Mheshimiwa," Kamishna alisema, jasho likimharibia mandhari ya uso.

Holo akaweka mguu mmoja chini, usukani kaushika kwa mikono miwili. "Baba, huyu ni bibi harusi. Aliwahi kugusa mara moja. Akigusa tena hana ndoa maisha. Sisi tumekushukia wote, miguu chungu nzima. Mwachie wake miwili."

Waziri alilegea kidogo. Nilimwona. Naye ana binti. Lakini mkuu wa itifaki akamnong'oneza sikioni kwamba kamera iko hewani, na leo akikaa raia mmoja, kesho watakaa wawili.

"Mshusheni," Waziri alisema.

Nyamizi akafunua khanga. "Kwa kosa gani, Mheshimiwa?"

Kosa lilikuwa halijaandaliwa.

"La kuwa juu ya Waziri," Kamishna alisema. Na kweli, kwa kuwa Waziri alikuwa mfupi na keria ilikuwa imeinuliwa na fundi hodari, utosi wa Nyamizi ulimpita kwa kiganja.

Walinzi wawili wakapiga hatua.

"Shangazi," Nyamizi alisema polepole.

Holo akakanyaga pedali.

Kati ya magari na maji palikuwa na utepe wa udongo usiozidi upana wa khanga iliyokunjwa. Mchukuzi wa maziwa haoni hapo ufinyu. Alipita, magoti yakigonga milango ya Serikali, vioo vya pembeni vikilia ko, ko, ko. Walinzi walipotaka kumfuata, wale wengine thelathini wakapatwa na heshima kubwa, wakajiangusha na baiskeli zao palepale mbele yao, mmoja juu ya mwingine, vibuyu vikibingirika.

"Wafuateni kwa gari!" alifoka mkuu wa itifaki.

Kwa gari lipi? La mbele lilizuiwa na la mbele yake, la nyuma lilizuiwa na harusi. Dola nzima, na injini zake zote, ilikuwa imekwama kwenye njia pekee ya nchi isiyo na magari.

"Ipo baiskeli yangu," Waziri alisema. "Nani anajua kuendesha?"

Wakurugenzi wa Wizara ya Mapumziko na Mandhari, Idara ya Baiskeli, walitazama viatu vyao.

"Najua mimi," Machibya alisema, akakunja mwavuli.

"Mfuate umshushe! Usirudi hapa kabla hujamshusha! Ukirudi hujamshusha, usirudi!"

Machibya akaibeba baiskeli begani, akawaruka waliolala, akapanda.

*

Njia inapotoka msituni huuacha mfereji na kupanda Mwandu. Ni kilima kifupi chenye roho mbaya. Holo alikianza kwa kasi, lakini katikati mapaja yakagoma. Baiskeli ikapunguza mwendo, ikaanza kuandika nyoka. Hapo huwezi kusimama: gurudumu la mbele litanyanyuka na aliye nyuma atamwagika kama maziwa. Nyamizi alijikunja zaidi. Ardhi ilikuwa shubiri moja chini ya kisigino chake, inapanda, inashuka, inamngoja.

"Simama, shangazi!" Machibya alikuwa nyuma yao, anahema. "Nimeagizwa nimshushe!"

"Njoo umshushe basi," Holo alisema akitweta. "Mimi sina pumzi ya kubishana nawe."

Machibya alifika ubavuni. Akanyoosha mkono. Nyamizi akautazama mkono ule unavyokuja, akafumba macho.

Mlembwe, mtu asiye na mzigo hampiti mwenye mzigo mlimani bila kumsukuma. Hilo halikuandikwa kwenye bango wala halina kamishna. Mkono hulijua kabla ya kichwa. Mkono wa Machibya ulitua kwenye keria, nyuma kabisa ya kiuno cha bibi harusi, ukasukuma.

Nyamizi akafumbua macho. "Unafanya nini?"

"Nakukamata," Machibya alisema. "Kaa vizuri usianguke."

Baiskeli ya Waziri ilikuwa inamzuia, akaiachia. Ilirudi chini peke yake, ikapita katikati ya kichaka, ikaingia mferejini bila itifaki. Naye akaweka mikono yote miwili na kitambi, akasukuma akitembea, akiguna kama enzi za mkaa, na Holo akapata pumzi, na kilima kikaisha.

Uani, Ndaki alikuwa amesimama na shati jipya ambalo tayari lilikuwa na grisi. Mama yake alimwona anayesukuma.

"Na huyo mwenye sare kaja na nini?"

"Na amri, mama," Holo alisema, akiingiza gurudumu la mbele uani, kisha la nyuma.

"Aingie nayo. Chakula kipo."

Machibya akaishika baiskeli isitikisike. Akapangusa jasho, akaweka kofia sawa, akakohoa. Vigelegele vikakatika. Akampa Nyamizi mkono.

"Kwa jina la Serikali," alisema kwa sauti ya kizuizini, "nakuamuru ushuke."

Nyamizi alinyoosha miguu iliyokufa ganzi, akatazama chini, udongo wa uani kwa mumewe.

"Mimi ni nani nibishane na Serikali," alisema, akashuka.